Kuchunguza mchezo wako wa chesi: dalili za kushindwa na vyanzo vyake katika ufunguzi

Mchezaji wa ridhaa anaposhindwa, jambo la kwanza analotaka kujua ni hatua gani iliyomwangusha, na siku hizi injini, yaani programu ya kompyuta inayochambua chesi, humjibu katika sekunde chache kwa kumwonyesha hatua ambayo kete ilipotea. Jibu hilo huwa sahihi, lakini mara nyingi linaeleza dalili tu. Kete ilipotea hatua ya 16 kwa sababu malkia alikuwa amekwama hatua ya 12, naye alikwama kwa sababu kuna uamuzi uliofanywa hatua ya 3, wakati mchezaji mwenyewe alidhani bado hakuna kitu cha kuamua. Anayesahihisha hatua ya 16 peke yake ataipoteza kete hiyo tena kwa namna nyingine. Mwongozo huu unazipitia dalili zinazowasumbua zaidi wachezaji wa ridhaa, na kwa kila moja unarudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Hatua zimeandikwa kwa herufi za kimataifa: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, na askari hana herufi. Alama ya x ni kula, + ni cheki, # ni chekimeti, na O-O au O-O-O ni kasilingi, yaani mfalme na ngome kusogea pamoja katika hatua moja. Nukta tatu baada ya namba zinaonyesha kwamba hatua hiyo ni ya Nyeusi. Itakufaa kuwa na ubao mbele yako, kwa sababu mifano hii haisomeki vizuri kwa macho peke yake.

Dalili: unachunguza kila mchezo, lakini hakuna unachokumbuka baada ya siku mbili

Chanzo cha kawaida ni injini kuwashwa mapema mno. Mchezaji anafungua mchezo, anaona mstari wa alama ukipanda na kushuka, anabofya pale uliposhuka zaidi, anasema "hapa nilikosea", kisha anafunga. Amepata hukumu bila kusikiliza kesi. Kosa la chesi lina sehemu mbili, yaani hatua yenyewe na fikra iliyoizaa, na injini haiwezi kuijua ile ya pili. Ni wewe tu unayejua kama ulicheza hatua ile kwa kuogopa, kwa kuhesabu vibaya, kwa haraka, au kwa sababu uliiona mahali ukaiiga.

Kwa hiyo pitia mchezo wote bila injini kwanza, ikiwezekana siku ileile, na uandike pembeni ya kila hatua muhimu ulichokusudia, ulichohofia, na hatua nyingine uliyoifikiria ukaiacha. Andika pia saa ilionyesha nini. Baada ya hapo ndipo injini ije kuyakosoa maandishi yako. Mikhail Botvinnik, aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia mwaka 1948, aliwahimiza wachezaji kuchambua michezo yao wenyewe na kuuweka uchambuzi huo hadharani ili wengine waupime, na sababu yake bado ina nguvu: uchambuzi usiopimwa na mtu mwingine hugeuka kuwa utetezi.

Mara nyingine chanzo kiko nyuma zaidi, kwamba mchezo wenyewe hauna cha kuchunguzwa. Mchezo wa dakika tatu kwa kila upande hauna fikra za kutosha. Hatua nyingi zilichezwa na mkono. Chagua michezo mirefu, ambayo uliweza kutumia dakika kadhaa kwa hatua moja. Kama unacheza ubaoni katika mashindano, sheria za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, zinakutaka uandike hatua zote katika michezo ya muda mrefu, na zinakuruhusu kuacha pale tu unapobakiwa na pungufu ya dakika tano na huongezewi walau sekunde 30 kwa kila hatua. Usilione sharti hilo kuwa mzigo, maana karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako wote.

Dalili: unapoteza kete kabla ya hatua ya 15, na kila mara inaonekana kama bahati mbaya

Hapa ndipo penye utajiri mkubwa wa mafunzo, na mfano bora ni mchezo ambao wachezaji wa ridhaa wenyewe walikuwa upande wa Nyeusi. Mwaka 1858, katika jumba la opera mjini Paris, Paul Morphy wa Marekani alicheza dhidi ya Duke wa Brunswick na Count Isouard waliokuwa wakishauriana. Mchezo unajulikana sana, lakini kwa kawaida husomwa upande wa mshindi, kwa kustaajabia kafara zake, yaani kete alizozitoa kwa makusudi. Tuusome upande wa walioshindwa.

1.e4 e5 2.Nf3 d6 3.d4 Bg4 4.dxe5 Bxf3 5.Qxf3 dxe5 6.Bc4 Nf6 7.Qb3 Qe7 8.Nc3 c6 9.Bg5 b5 10.Nxb5 cxb5 11.Bxb5+ Nbd7 12.O-O-O Rd8 13.Rxd7 Rxd7 14.Rd1 Qe6 15.Bxd7+ Nxd7 16.Qb8+ Nxb8 17.Rd8#

Mwulize mchezaji wa ridhaa Nyeusi ilikosea wapi, naye atakuonyesha 9...b5, kwa kuwa hapo ndipo Nyeupe ilipotoa farasi na mashambulizi yakaanza. Turudi nyuma hatua kwa hatua. Nyeusi ilisukuma b5 kwa sababu ilikuwa imebanwa na ilitaka kumfukuza askofu wa c4. Ilibanwa kwa sababu malkia wake alikuwa e7, mraba unaomfungia njia askofu wa f8, na askofu huyo hakusogea hata mara moja hadi chekimeti, wala ngome ya h8. Malkia alikwenda e7 kwa sababu 7.Qb3 ilishambulia f7 na b7 kwa mpigo mmoja, na f7 ilikuwa lazima ilindwe. Mraba wa b7 ulikuwa wazi kwa sababu askofu aliyeulinda kutoka c8 alikuwa ameondoka, akaenda g4, akala farasi wa f3, na kwa kufanya hivyo akamtoa malkia wa Nyeupe nje bila gharama yoyote.

Kwa nini basi alimla farasi? Kwa sababu baada ya 4.dxe5 Nyeusi haikuweza kurudisha askari kwa kawaida: 4...dxe5 inaleta 5.Qxd8+ Kxd8 6.Nxe5, na askari amepotea huku mfalme akiwa amepoteza haki ya kasilingi. Askofu wa g4 alikuwa amembana farasi wa f3 kwa malkia, yaani farasi akiondoka malkia aliye nyuma yake analiwa, lakini malkia alipobadilishwa, mbano huo ukayeyuka. Tumefika hatua ya 3. Nyeupe ilipocheza d4 ilitishia e5, na Nyeusi ilijibu kwa kubana badala ya kushughulikia tishio. Angalau 3...exd4 au 3...Nf6 zingekabiliana na swali lililoulizwa. Kosa la hatua ya 9 lilikuwa na mizizi hatua sita nyuma, na kila kiungo katikati kilikuwa hatua inayoonekana ya lazima kwa aliyeicheza.

Njia hii ya kurudi nyuma ndiyo kiini cha uchunguzi wote. Anza pale kete ilipopotea na uulize: kwa nini hatua hii ilionekana nzuri au ya lazima? Ukipata jibu, liulize jibu hilo swali lilelile. Unasimama pale unapofika kwenye hatua ambayo ulikuwa na chaguo huru, bila kushurutishwa na chochote, ukachagua vibaya. Hapo ndipo chanzo kilipo, na hapo ndipo pa kuandika maelezo. Ukiona mnyororo unakatika mara moja, kwa mfano kwamba hatua ya 14 uliacha tu farasi bila mlinzi na nafasi yote ilikuwa nzuri, basi ufunguzi hauna hatia. Tatizo ni kutokagua mraba kabla ya kuachia kete, na dawa yake ni mazoezi ya mafumbo ya kimbinu, si kusoma ufunguzi mpya.

Dalili: mpinzani anatoka kwenye mstari unaoujua hatua ya 5 au ya 6, nawe unapotea papo hapo

Chanzo ni kukariri hatua bila sababu zake. Chukua Ulinzi wa Kifaransa, ambao wengi huukariri hivi: 1.e4 e6 2.d4 d5 3.e5 c5 4.c3 Nc6 5.Nf3 Qb6 6.Bd3 cxd4 7.cxd4 Bd7. Anayecheza Nyeusi anajua kwamba hatua ya 7 ni askofu kwenda d7. Mwulize kwa nini, na wengi watasema ni kuendeleza kete.

Simamisha ubao baada ya 7.cxd4. Askari wa d4 anashambuliwa na farasi wa c6 na malkia wa b6, naye analindwa na farasi wa f3 peke yake, kwa kuwa askofu wa d3 amemkingia malkia wa Nyeupe. Washambuliaji wawili, mlinzi mmoja: kwa hesabu, askari ni wa bure. Lakini 7...Nxd4 8.Nxd4 Qxd4 inajibiwa 9.Bb5+, na askofu anapoondoka d3 kwa cheki, malkia wa Nyeupe anamtazama malkia wa Nyeusi ana kwa ana. Nyeusi lazima ishughulikie cheki, na malkia anapotea. Sasa maana ya 7...Bd7 inaonekana: inaufunga mshazari unaotoka b5 hadi e8. Baada yake, cheki ile haipo, na tishio la kumla askari wa d4 linakuwa la kweli. Nyeupe inapaswa ama kumrudisha askofu e2, ama kukubali kumtoa askari kwa 8.O-O Nxd4 9.Nxd4 Qxd4 10.Nc3, ambayo ndiyo kafara ya Milner-Barry, ikitafuta kasi ya kuendeleza kete badala ya askari huyo.

Tazama sasa faida ya kuijua sababu. Mpinzani anacheza 6.Be2 badala ya 6.Bd3. Aliyekariri anashangaa. Anayejua sababu anaona mara moja kwamba, baada ya 6...cxd4 7.cxd4, malkia wa Nyeupe anamlinda d4 bila kizuizi, walinzi ni wawili dhidi ya wawili, na haraka ya kuziba mshazari haipo tena. Kinachotakiwa ni mshambuliaji wa tatu, na farasi wa g8 anaweza kuwa huyo: 7...Nge7, kisha Nf5. Nyeupe nayo italeta mlinzi wa tatu kwa Na3 na Nc2. Hakuna aliyekariri chochote, na bado hatua zote zinatoka zilizo sawa, kwa kuwa mabishano yote yanamhusu askari mmoja wa d4.

Rekebisha basi namna unavyohifadhi ufunguzi wako. Kwa kila hatua unayotaka kuikumbuka, andika sentensi moja inayoanza na "kwa sababu". Hatua usiyoweza kuiandikia sentensi hiyo bado huijui, hata kama umeicheza kila wiki. Na uifanyie jaribio: iondoe hatua hiyo, uweke hatua nyingine isiyo na madhara, uone ni nini hasa mpinzani angekifanya.

Dalili: injini inailaumu hatua yako, lakini huoni ubaya wake

Pima kwanza ukubwa wa lawama. Alama za injini huhesabiwa kwa thamani ya askari, na tofauti ya nusu askari au chini yake katika ufunguzi haiamui mchezo wa watu wa ridhaa, iache. Ninasisitiza hili kwa kuwa nimewaona wachezaji wenye bidii wakitumia jioni nzima kutafuta kwa nini hatua fulani ni pungufu kwa robo ya askari, huku ngome waliyoiacha bure hatua ya 20 ikipita bila maelezo.

Ikiwa tofauti ni kubwa, usisome mstari wa injini, bishana nao. Chukua 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 d6 4.Nc3 Bg4 5.h3 Bh5. Injini inalaumu hatua ya mwisho na kupendekeza 6.Nxe5. Mchezaji anasema: farasi alikuwa amebanwa, sasa ninamla malkia. Vizuri, mle: 6...Bxd1 7.Bxf7+ Ke7 8.Nd5#. Basi nisimle malkia, nimle farasi: 6...Nxe5 7.Qxh5, na kama Nyeusi itaendelea na 7...Nxc4, malkia anarudi na 8.Qb5+, kisha anamla farasi wa c4, na Nyeupe imebaki na askari mmoja zaidi. Baada ya mabishano hayo mawili unaelewa, na unachokielewa ni kipana kuliko mtego huu: kete iliyobanwa kwa malkia bado inaweza kuondoka, kwa kuwa sheria inakataza kumwacha mfalme wazi tu, si malkia. Endelea kubishana hadi kete ionekane imepotea au mfalme aonekane hatarini. Ukifika hatua kumi mbele bila kuona chochote, weka alama ya kuuliza na usonge mbele. Swali hilo ni la wakati mwingine.

Dalili: unatoka salama kwenye ufunguzi, halafu hujui ucheze nini

Chanzo ni kuusoma ufunguzi kama orodha inayoisha hatua ya 10. Ufunguzi hauishi hapo, kwani mpangilio wa askari uliouacha ndio unaokuambia la kufanya. Katika mfano wa Kifaransa hapo juu, askari wa Nyeupe wamesimama d4 na e5, na wa Nyeusi d5 na e6. Nyeupe ina nafasi kubwa zaidi upande wa mfalme na itatafuta kuitumia. Nyeusi italishambulia shina la mnyororo huo, yaani d4, na wakati unaofaa itamgonga askari wa e5 kwa f6. Askofu wa Nyeusi wa miraba myeupe, aliyefungwa nyuma ya askari wake mwenyewe wa e6 na d5, atahitaji kazi au kubadilishwa. Mambo hayo matatu yanatosha kuongoza hatua kumi zinazofuata.

Ili kuyapata kwa ufunguzi wako, tafuta michezo mitano au sita ya wachezaji hodari yenye mpangilio uleule wa askari, uipitie haraka bila kuchambua, ukiangalia kitu kimoja tu: ni askari yupi aliyesukumwa kati ya hatua ya 10 na ya 20, na upande gani wa ubao. Linalorudiwa katika michezo hiyo ndilo mpango.

Dalili: unapata nafuu kubwa kisha unashindwa

Hapa ufunguzi hauna kosa lolote, na kuubadilisha ni kujidhuru. Tazama saa uliyoiandika. Ama ulitumia muda mwingi mapema ukabaki huna wa kutosha, ama ulianza kucheza haraka mara tu ulipoona umeshinda. Ya pili ni ya kawaida zaidi, na inatambulika kwa urahisi: hatua zako tano baada ya kupata kete ya ziada zilichukua sekunde chache kila moja. Kwa kila moja ya hatua hizo, rudi uandike mpinzani alikuwa akitishia nini. Ukishindwa kuandika, umekipata chanzo.

Dalili: unabadilisha ufunguzi mara kwa mara, na matokeo yanabaki yaleyale

Mchezaji hutazama hifadhidata, anaona ufunguzi fulani una ushindi mwingi, anauhamia. Takwimu hizo ni za watu waliojua cha kufanya hatua ya 15. Haziambatani na hatua zenyewe. Zina manufaa mengine. Kwenye Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, kwa mfano, unaweza kuchuja michezo kwa kiwango cha wachezaji, na hapo utaona majibu ambayo wapinzani wa kiwango chako huyacheza kweli, ambayo mara nyingi si yale yanayopewa kurasa nyingi vitabuni. Jiandae kwa majibu hayo kwanza. Kabla ya kuuacha ufunguzi, pitia michezo uliyoshindwa nao ukitafuta chanzo kwa njia ya kurudi nyuma, na uuache tu ikiwa sehemu kubwa ya minyororo inaishia ndani ya hatua kumi za mwanzo.

Dalili: kosa lilelile linarudi chini ya sura tofauti

Chanzo ni kuchunguza kila mchezo peke yake. Weka daftari lenye safu nne: ufunguzi, hatua ambayo kete au nafasi ilipotea, hatua ya chanzo, na fikra iliyozaa hatua ya chanzo kwa maneno yako mwenyewe. Safu ya nne ndiyo yenye thamani, kwa hiyo isiandikwe "uzembe". Neno hilo halielezi kitu. Andika "nilidhani farasi aliyebanwa hawezi kusogea", au "nilibana badala ya kujibu tishio la e5".

Daftari likishakusanya michezo kadhaa, isome safu ya nne peke yake kutoka juu hadi chini. Mifano miwili ya hapo juu, ule wa Paris na ule wa 5...Bh5, ina ufunguzi tofauti na miisho tofauti, lakini katika daftari ingekaa karibu: askofu wa g4 aliyetegemea mbano usioshika. Mchezaji mwenye mistari miwili ya namna hiyo hahitaji ufunguzi mpya. Anahitaji kukusanya nafasi zote za michezo yake ambazo askofu alikwenda g4 au g5 kabla ya hatua ya 8, na kuuliza kwa kila moja nini kinatokea farasi aliyebanwa akiondoka hata hivyo.